Ushahidi wa Chupa: Mintarafu Ukweli katika Lebo za Burboni

Miongoni mwa bidhaa anazozinunua mwanadamu zimo zile awezazo kuzipima kwa jicho lake na kwa kiganja chake, kama nguo, mchele na mbao, na zimo nyingine ambazo, hata awe hodari kiasi gani, hana budi kumwamini muuzaji, kwa sababu hakika ya bidhaa hiyo imefichika katika miaka iliyokwisha kupita na katika mahali asipopata kufika. Wiski ya burboni, kileo cha Marekani kitokanacho na mahindi na kutunzwa katika mapipa ya mwaloni, ni ya aina hiyo ya pili. Aliyeishika chupa mkononi huiona rangi yake ya kahawia, lakini haoni ni nani aliyeikeneka, wala ni katika mji gani, wala ni miaka mingapi ililala pipani kabla ya kumiminwa; na yote anayoyajua juu ya mambo hayo matatu ameyapata katika karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kioo. Karatasi hiyo basi ina cheo cha shahidi. Na shahidi, kama wajuavyo makadhi na mahakimu, huharibu haki kwa namna mbili, ama kwa kusema uongo, ama kwa kulinyamazia jambo alijualo ilhali ameulizwa. Dai langu katika makala haya ni kwamba lebo nyingi za burboni zina ila hii ya pili, na kwamba sheria inayoizuia ile ya kwanza ikaivumilia ya pili haijatimiza wajibu wake.

Najua kwamba wengi wa wasomaji wa gazeti hili hawaonji kileo, ama kwa kufuata amri ya dini, ama kwa hiari yao, na sina nia hata kidogo ya kuwashawishi waonje. Walakini mas'ala haya yanawahusu pia, kwani kanuni inayopimwa hapa ni ya biashara zote. Katika pwani yetu wanazuoni wamefundisha tangu zamani kwamba mwenye kuificha aibu ya bidhaa yake ameghushi, hata kama ulimi wake haukutamka neno moja la uongo. Na ukitaka kuona jinsi kanuni hiyo inavyovunjwa kwa ustadi mkubwa, na jinsi inavyoweza kurudishwa, ni vigumu kupata mfano wenye mafunzo zaidi kuliko huu.

Na tuanze na yale ambayo sheria imeyahifadhi vyema. Sheria za Marekani zinataka burboni itokane na nafaka ambazo mahindi yake hayapungui asilimia 51. Ikenekwe kwa nguvu isiyozidi asilimia 80 ya kileo. Itiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, nguvu yake ikiwa haizidi asilimia 62.5, na itiwe chupani ikiwa haipungui asilimia 40, wala haina ruhusa kuongezwa rangi au ladha yoyote. Mwaka 1964 Baraza la Congress liliitangaza kuwa zao makhsusi la Marekani, lisiloweza kutengenezwa katika nchi nyingine na kubeba jina hilo. Kwa hiyo yaliyomo ndani ya pipa yana ulinzi ambao vinywaji vingi duniani havina. Upungufu umo nje ya chupa, katika maneno yanayomweleza mnunuzi kazi hiyo imefanywa na nani.

Upungufu huu una historia, na historia yake inatuonyesha kwamba Wamarekani wenyewe waliwahi kuutambua na kuutibu. Katika karne ya 19 wiski nyingi ya Kentucky iliuzwa kwa pipa, nayo ikiisha kutoka kiwandani na kupita katika mikono ya wachuuzi, wachanganyaji na wenye mabaa, hapakuwa na mtu aliyeweza kujua imefanywa nini njiani. Wachanganyaji hao walikuwa na vitabu vyao vya maelekezo, ambamo kileo kitupu kisicho na umri kiligeuzwa kuwa wiski kongwe kwa muda mfupi tu, kwa kutiwa sukari iliyounguzwa ili kipate rangi, maji ya plamu kavu ili kipate utamu, na mara nyingine dawa kali za kuleta harufu ya moshi na mapovu ya hadaa. Mwaka 1870 George Garvin Brown wa mjini Louisville, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza dawa za waganga, alianza kuiuza wiski ya Old Forester katika chupa zilizofungwa tu, akaitia sahihi yake juu ya lebo kuwa ni dhamana kwa mnunuzi.

Dhamana ya mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani, haitoshi kuitengeneza biashara ya nchi nzima, na hilo lilionekana kwa Edmund Haynes Taylor wa Kentucky, mmoja wa wenye viwanda mashuhuri wa zama zake, ambaye pamoja na John G. Carlisle, Waziri wa Fedha aliyetoka katika jimbo hilo hilo, alishughulika hadi ikapatikana sheria ya tarehe 3 Machi 1897. Sheria hiyo ilisema kwamba wiski itakayopewa muhuri wa serikali lazima iwe imetoka katika kiwanda kimoja, katika msimu mmoja wa kukeneka, ikae muda usiopungua miaka minne katika ghala lililofungwa chini ya ulinzi wa serikali, itiwe chupani kwa nguvu ya asilimia 50 kamili, na lebo yake itaje kiwanda kilichoikeneka. Kisha stempu ya kijani ilibandikwa juu ya kizibo ili asipatikane wa kuifungua na kuichezea. Msomaji atazame jinsi sheria hii ilivyokuwa na busara: haikumwambia mnunuzi ipi ni tamu na ipi ni chungu, jambo ambalo serikali haina ujuzi nalo, bali ilimjibia maswali matatu asiyoweza kujijibia mwenyewe, nani, wapi na lini, kisha ikamwachia ulimi wake uamue.

Ugomvi kati ya wakenekaji na wachanganyaji haukuishia hapo. Dakta Harvey Wiley, mkuu wa wanakemia katika Wizara ya Kilimo, ambaye juhudi zake ndizo zilizozaa sheria ya usafi wa vyakula na dawa ya mwaka 1906, alishikilia kwamba kileo kitupu kilichotiwa rangi hakistahili hata kuitwa wiski, nao wachanganyaji wakashikilia kinyume chake, hadi mwezi wa Desemba 1909 Rais William Howard Taft, ambaye alikuwa hakimu kabla ya kuwa rais, alipokata shauri yeye mwenyewe. Uamuzi wake ulikuwa wa wastani: kila kileo kilichotokana na nafaka kiliruhusiwa kuitwa wiski, ila lebo ilazimike kubainisha iwapo ni wiski halisi au iliyochanganywa. Hakumharamishia mtu biashara yake; alimharamishia kuisitiri.

Iwapo misingi hii iliwekwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, yafaa tuulize imekuwaje leo tukarudi katika giza. Sababu yake kubwa ni wakati. Burboni haiharakishwi, atakayejenga kiwanda mwaka huu atangoja miaka minne, sita au minane kabla ya kuwa na kitu cha kujivunia, na katika muda wote huo atalipa mishahara, mapipa na riba ya benki. Kiu ya burboni ilipoongezeka duniani mwanzoni mwa karne hii, wengi waliotaka kuingia katika biashara hawakungoja, bali walinunua wiski iliyokwisha kukomaa katika maghala ya wengine, wakaitia katika chupa zao na kuipa majina yao. Sehemu kubwa ya wiski hiyo ilitoka, na hadi leo inatoka, katika kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg, mji ulio kando ya mto Ohio katika jimbo la Indiana, ambacho zamani kilikuwa mali ya kampuni ya Seagram na mwaka 2011 kikanunuliwa na kampuni iitwayo MGP. Kiwanda hicho kina wakenekaji mahiri, na wiski yake ya nafaka ya rai, ambayo rai ni asilimia 95 ya nafaka zake, imejaza chupa za majina mengi yasiyo na udugu. Tena kuna Lawrenceburg nyingine huko Kentucky, ambako vimo viwanda vya Wild Turkey na Four Roses, hivyo kwamba msomaji wa lebo asiyetajiwa jimbo aweza kudhani yuko katika nchi ya burboni ilhali amevushwa mto.

Kununua wiski ya mwingine na kuitia chupani si kosa, na napenda jambo hili lieleweke waziwazi, kwa kuwa wako wanaolaumu pasipo haki. Kuchagua mapipa, kuyaoanisha na kuyatambua yaliyofikia upeo wake ni fani yenye heshima yake. Kosa ni ile lebo inayozungumza kana kwamba fani ya kukeneka nayo ilifanywa nyumbani. Na hapa ndipo ufundi wa maneno unapoingia: chupa moja itaandikwa kwamba imekenekwa na fulani, nyingine kwamba imetolewa na fulani, nyingine kwamba imetiwa chupani na fulani, na mnunuzi wa kawaida huyapita maneno hayo akidhani yote ni mamoja, ilhali la kwanza peke yake ndilo lenye kumtaja aliyeifanya kazi. Juu ya maneno hayo huchorwa mtambo wa shaba, babu mwenye ndevu na mwaka wa zamani. Na kila kimoja kikitazamwa mbali na mwenziwe si cha uongo, lakini vikikusanywa humjengea mnunuzi hekaya ambayo haikutokea kamwe.

Kisa kilichodhihirika kuliko vyote hakikuwa cha burboni hasa bali cha jamaa yake, wiski ya rai iitwayo Templeton Rye. Iliuzwa kwa sifa ya mji mdogo wa Templeton katika jimbo la Iowa, ambako wakati wa marufuku ya pombe, kati ya mwaka 1920 na 1933, wenyeji walipika wiski kwa siri, na ikasemwa kwamba mhalifu mashuhuri Al Capone aliipenda. Na lebo ikataja maelekezo ya zama hizo za marufuku. Kumbe wiski iliyokuwamo katika chupa ilikuwa imekenekwa Lawrenceburg ya Indiana. Mwaka 2014 wanunuzi walifungua mashtaka, na mwaka 2015 ikapatikana suluhu ambayo kwayo kampuni ilikubali kuwarudishia wanunuzi sehemu ya fedha zao, kuondoa maneno ya maelekezo ya zama za marufuku, na kuandika kwamba wiski hiyo ilikenekwa Indiana. Nalo la kuhuzunisha ni kwamba kanuni ya kulitaja jimbo ilikokenekwa wiski, pindi likiwa si lile lililomo katika anwani ya lebo, ilikuwapo katika vitabu vya serikali miaka mingi kabla ya kesi hiyo, na kila lebo hupitia mikononi mwa idara ya shirikisho ijulikanayo kwa herufi TTB ili ipewe cheti. Lakini cheti hutolewa kwa kuutazama waraka, na waraka husema kile tu alichopenda kuusemesha mwenyewe.

Watetezi wa siri hizi wana hoja mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wiski ikiwa nzuri, mnunuzi hajapunguziwa kitu. Hoja hii ingesimama lau mtu angenunua ladha peke yake, lakini bei ya chupa imejengwa pia juu ya hadithi, na mara nyingi hadithi ndiyo iliyoipandisha bei kuliko kilichomo. Kwa hiyo mwenye kuuza hadithi ya uongo amechukua fedha kwa kitu asichokitoa. Aidha, dhuluma haimwangukii mnunuzi tu. Yuko mkenekaji mdogo aliyejenga kiwanda chake kwa jasho, akangoja miaka yake kwa subira, kisha akaikuta bidhaa yake imewekwa rafu moja na ile ya mtu aliyedai hivyo hivyo pasipo kungoja. Naye huyu amenyang'anywa thamani ya subira yake.

Hoja ya pili ni kwamba mikataba kati ya kiwanda kinachouza na kampuni inayonunua huizuia kampuni hiyo kulitaja jina la kiwanda. Kweli, mikataba ya namna hiyo ipo. Lakini mapatano ya watu wawili hayawezi kuiondoa haki ya mtu wa tatu asiyekuwapo walipopatana, sembuse mtu huyo akiwa ndiye anayelipa gharama zote. Na kama jina haliwezekani, jimbo lawezekana, na mji wawezekana, na umri wawezekana. Kampuni ya High West ya huko Utah, iliyoanzishwa na David Perkins, ilisema tangu mapema kwamba ilikuwa ikichanganya wiski za viwanda vya wengine, na haikupotewa na wateja. Mwaka 2016 ilinunuliwa kwa takriban dola milioni 160. Ukweli, basi, haukuifilisi, na wanaosema kwamba biashara hii haiwezekani pasipo pazia wamekwisha kujibiwa na soko lenyewe.

Katika yale maswali matatu ya sheria ya mwaka 1897, la tatu, swali la lini, lina hila zake. Sheria inataka burboni iliyo halisi ikae pipani si chini ya miaka miwili, na ikiwa haijatimiza minne iutaje umri wake; na umri utakaotajwa uwe ule wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Baada ya miaka minne hakuna sharti. Kwa hiyo mahitaji yalipozidi akiba iliyomo maghalani, tarakimu zilianza kutoweka. Burboni iitwayo Elijah Craig, iliyotajwa kwa miaka mingi kuwa na umri wa miaka 12, ilikuwa imekwisha kuihamisha tarakimu hiyo kutoka mbele ya chupa hadi nyuma, na mwaka 2016 ikaiondoa kabisa, ikaelezwa na wenyewe kwamba sasa ni mchanganyiko wa wiski za miaka minane hadi 12. Zipo na chupa nyingine ambazo tarakimu ilibakizwa pale pale ilipokuwa, ila neno la miaka ndilo lililofutwa, hata aliyezoea akaendelea kuusoma umri ambao haupo tena. Kitendo cha kwanza naweza kukielewa, kwani mwenye bidhaa aweza kuibadilisha bidhaa yake maadamu amewaarifu wateja. Cha pili sikioni udhuru, kwa kuwa manufaa yake yote yanategemea mnunuzi asitambue.

Na ili tujue tofauti kati ya njia hizi mbili, tukumbuke yaliyotokea mwezi wa Februari 2013, pale Maker's Mark, kwa kupungukiwa na wiski, ilipowatangazia wateja wake kwamba itashusha nguvu ya kileo kutoka asilimia 45 hadi 42. Wateja walikasirika sana, na kwa muda wa kama wiki moja tu kampuni ikaurudisha uamuzi wake. Wengine walihitimisha kwamba kosa la kampuni lilikuwa kusema. Mimi naona kinyume chake: kwa kuwa ilisema, wateja walipata nafasi ya kujibu, na kwa kuwa walijibu, bidhaa waliyoipenda ilibaki, na hakuna mashauriano baina ya muuzaji na mnunuzi yaliyo bora kuliko hayo.

Uaminifu wa lebo hauwezi kukamilika pasipo kuwataja waliotangulia. Elijah Craig, mhubiri wa Kibaptisti wa karne ya 18 ambaye burboni ile imepewa jina lake, husimuliwa kuwa ndiye wa kwanza kuiweka wiski katika mapipa yaliyounguzwa, na wanahistoria hawakuona ushahidi wa zama zake unaoliunga mkono jambo hilo. Kinyume cha huyu aliyepewa asichofanya ni Nathan Green, maarufu kwa jina la Nearest, Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko Tennessee, katika upande wa Lynchburg, ambaye ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel fani ya kukeneka wiski iliyo ndugu wa karibu wa burboni. Jina la mwanafunzi liliizunguka dunia juu ya mamilioni ya chupa. Jina la mwalimu lilibaki katika kumbukumbu za watu wa mji wake hadi mwaka 2016, kampuni yenyewe ilipoanza kumtaja hadharani, na mwaka uliofuata Fawn Weaver akaanzisha wiski inayoitwa kwa jina lake. Watumwa wengine waliofanya kazi katika mitambo ya Kentucky na Tennessee hawakubahatika hata hivyo. Lebo inayojivunia ukoo na urithi, kisha ikamtaja mwenye mali na kumsahau mwenye ujuzi, imetoa ushahidi pungufu juu ya jambo lile lile inalojisifia.

Chupa hizi zinafika hata kwetu. Katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi huuzwa zikiwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo huwasaidia maofisa na wanunuzi kuzitenga zile za magendo na za bandia, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini stempu hiyo inashuhudia ushuru tu, na mnunuzi wa hapa, aliye mbali sana na Kentucky, hana ushahidi mwingine ila ule ulioandikwa na muuzaji.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila chupa ya burboni na itaje kiwanda kilichoikeneka, pamoja na mji na jimbo, upande wa mbele, kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile zinazosimulia hadithi ya jina lake. Umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo na utajwe kwa miaka, au pasiwe na tarakimu yoyote inayofanana na umri. Maneno kama kundi dogo, ambalo sheria haijalipa maana, na kazi ya mikono, ambalo mwaka 2015 mahakama moja ya Florida iliona kwamba haliwezi kumpoteza mnunuzi mwenye akili timamu, ama yapewe maana, ama yaondolewe, kwa kuwa neno lisiloweza kumdanganya mtu kwa sababu halina maana yoyote halina haki ya kuipandisha bei. Na TTB isitoe cheti kabla ya kuhakikisha jimbo ilikokenekwa wiski. Hakuna katika haya lililo geni. Ni sheria ya mwaka 1897 tu, iliyokuwa na hiari ya kufuatwa na wachache, ikifanywa kuwa faradhi kwa wote. Na hadi itakapofanywa hivyo, mnunuzi anayo nguvu moja ambayo haihitaji bunge: aipindue chupa, atafute neno la kukenekwa na jina linalolifuata, na asipoliona, airudishe rafuni amnunulie yule aliyekubali kusema, maana muuzaji hujifunza kweli upesi zaidi pale inapokuwa ndiyo bidhaa inayouzika.